Chambo cha Hashimu

Saa nne ya asubuhi Hashimu alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa ukingoni mwa shimo la kifusi, akawa anakata mche wa sabuni vipande vya kuenea kwenye ndoana. Siku ilikuwa Jumatatu, lakini alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, maana hakupenda kuonekana amevaa kama mvuvi. Alichomeka kipande cha kwanza, akatupa mshipi, na kabla hajajifuta mikono kwenye nyasi kambare alikuwa ameshameza. Akamvuta, akampiga kichwani kwa mpini wa jembe, akachomeka kipande kingine. Ng'ambo ya shimo walikaa watu waliofika tangu alfajiri na makopo yao ya minyoo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata kitu.

"Mzee Hashimu ana mkono," alisema mmoja wao.

Mkono alikuwa nao, hakuna ubishi. Sabuni ile aliichukua jana yake dukani kwa mpwawe, mpwawe akiwa ameinama anapima mafuta ya kula.

Kambare wa shimo la Nalimbwe hawali chambo mpaka kiwe cha wizi. Jambo hilo si siri na halijawahi kuwa siri. Watu wa Nalimbwe, kijiji kilicho mbele ya Mpapura ukiteremkia Ruvuma, wanalijua kama wanavyojua siku ya gulio, na hawalizungumzi, kama wasivyozungumza habari za choo. Shimo lenyewe lilichimbwa na watu wa barabara. Walikuja na mitambo yao, wakaona kifusi kizuri chini ya shamba la muhogo la watu, wakachimba bila kupiga hodi, wakaenda zao. Masika ilipoingia likajaa maji. Kambare wakaja wenyewe kwa miguu kutoka mabondeni, maana kambare akipata mvua hutembea nchi kavu. Walivuka barabara mpya mchana kweupe, wakubwa mbele na wadogo nyuma, na vijana wa bodaboda walisimama kuwapisha.

Mwanzoni watu walihangaika na mbinu. Waliokulia mtoni walileta migono, yale madema ya fito ambayo samaki huingia asijue pa kutokea, ikatoka na vyura. Vijana waliburuta wavu, ukatoka na majani na kiatu kimoja cha mtu wa barabara. Wapo waliotwanga utupa, ule mmea wenye sumu ya samaki, wakaumwaga majini, jambo lililokatazwa na serikali, wakaua bata wa jirani. Wanawake walichota maji kwa ndoo kiangazi kizima ili shimo likauke, na kila walipopumzika maji yalirudi palepale. Kwenye habari ya chambo ndiko walikonuniana. Huyu alisema utumbo wa kuku, lakini uoze kwanza. Yule akasema kumbikumbi. Wa tatu akaapa kwa muhogo uliovundikwa, kwa ajili ya harufu. Kambare walipita chini ya vyote hivyo, wakivigusa kwa ndevu na kuviacha.

Aliyevumbua ni mtu mmoja aliyeingia msikitini na kandambili mbovu akatoka na nzima. Mkanda wa kandambili ile ulikatika njiani, akautia kwenye ndoana kwa mzaha, akapata kambare wa kutosha nyumba mbili. Ijumaa iliyofuata msikiti ulijaa kuliko siku ya Idi, na watu wengi walirudi makwao miguu mitupu.

Tangu hapo Nalimbwe imekuwa na adabu zake. Asiyepata la kuiba huja na kopo la minyoo, aonekane naye anavua. Mtu akitaka kitoweo huchukua yai la jirani, au kopa moja la muhogo lililoanikwa, na jirani hujifanya hakuona kwa sababu kesho ni zamu yake. Hawa, mwanamke mwenye akili na mdomo, alijaribu kulihalalisha jambo hilo. Alikubaliana na mwenzake wa nyumba ya pili waibiane: wewe niibie muhogo, mimi nikuibie dagaa, tusivunjiane heshima. Kambare hawakugusa. Wizi wa makubaliano ni kuazimana tu, na kambare wa Nalimbwe si wajinga. Wajinga ni wengine, tutawafikia.

Katika kijiji cha wezi wa mayai, Hashimu alikuwa bwana. Hakuwa na haja ya kutafuta chambo siku ya kuvua. Alitia chochote kilichokuwa karibu naye: tonge la ugali wa nyumbani kwake, uzi wa mkeka wake, kipande cha ngozi ya kiatu chake, punje ya mchele iliyosalia mfukoni. Vyote viliingia majini na kutoka na samaki. Mara moja tu alishindwa. Alijikata kidole kwa kisu, damu ikadondoka majini, na kambare wote wakahamia upande wa pili wa shimo, wakakaa huko mpaka kidole kilipofungwa kitambaa. Ile damu ilikuwa yake.

Mtu kama huyo, kijiji kingine angechekwa mpaka ahame. Nalimbwe walimwita fundi. Walimfuata kumwomba ushauri, naye aliutoa bila kuombwa mara mbili, akiwa amekunja miguu juu ya ndoo yake.

"Chambo kinataka nia safi," aliwaambia. "Mkienda majini na roho mbaya samaki anajua."

Wakaitikia kwa vichwa. Kila siku ya gulio alipeleka kambare waliofungwa kwenye majani ya mgomba, mmoja mmoja, kwa wazee wa baraza la usuluhishi la kijiji, na wazee wakasema Hashimu ana mkono wa kutoa. Ule mkono tena.

Hata mtaalamu alikuja. Huyu ni Godfrey, bwana samaki, kijana wa kutoka bara aliyepanga Chuno mjini, na alifika kwa pikipiki kutoa mafunzo ya uchaguzi wa chambo. Alivaa viatu vyeupe. Alieleza kwamba kambare haoni vizuri bali hunusa, kwamba ndevu zake ni pua na ulimi kwa pamoja, na kwamba kwa hiyo anayevua kambare lazima achague kitu chenye harufu kali. Yote hayo ni kweli. Kisha akafungua mfuko wa dagaa. Dagaa wale walitolewa kwa ajili ya uji wa watoto waliodhoofu, na walifikaje kwenye pikipiki ya Godfrey hakuna aliyeuliza. Alivua mpaka bega likamuuma. Akatangaza kwamba dagaa ndiye chambo bora kwa mazingira ya Nalimbwe, akapigiwa makofi, akafungiwa kambare wawili wa kupeleka Chuno. Watoto waliodhoofu waliendelea kudhoofika.

Mtu mzima pekee wa Nalimbwe ambaye hakuwahi kutoa samaki kwenye shimo lile ni Mwanahamisi, mjane wa Faraji, na Faraji alikuwa kaka yake Hashimu, tumbo moja. Mwanahamisi alichimba minyoo nyuma ya jiko lake mwenyewe, akakaa upande wenye matete, akarudi na minyoo yake. Siku moja alikwenda kuiba yai kwa Hawa. Alifika mlangoni mwa banda la kuku, akasimama, akarudi. Alisema haoni sababu ya kuuanza uzee na yai.

Shamba la mikorosho la mlimani, nyuma ya shule, lilikuwa lake. Ardhi ilitoka kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa mama yake. Mikorosho aliipanda mwenyewe mwaka alioolewa, akipandisha maji kwa ndoo kichwani huku Faraji akichimba mashimo na kuimba vibaya. Mpaka wa shamba ulikuwa safu ya minyaa, na kila mtu wa Nalimbwe alipokuwa mtoto alitumwa kuchuma mabibo kule akaambiwa asivuke minyaa ya kina Mwanahamisi.

Faraji alifariki mikorosho ikiwa kwenye maua. Mwanahamisi akaingia eda, akakaa ndani kama dini inavyotaka, bila manukato, bila kutoka kwenda shamba wala kisimani. Huo ndio wakati wa kupuliza salfa, na baada ya salfa ndio wakati wa kuokota. Shemeji yake akaja na kanzu yake akasimama mlangoni.

"Shemeji, kaa eda yako kwa utulivu," alisema Hashimu. "Salfa nitapuliza mimi, korosho nitaokota mimi. Marehemu alikuwa kaka yangu."

Mwanahamisi alilia kwa shukrani. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na mjane yeyote wa Nalimbwe angelifanya, maana wote walifundwa tangu wasichana kwamba mwanamke akiwa eda, mtu wa kumshikia mambo yake ya nje ni shemeji.

Nalimbwe shamba la korosho humfuata aliyeonekana akilihudumia. Kijiji kizima kilimwona Hashimu anateremka mlimani na mashine mgongoni, manjano tupu kwa unga wa salfa, macho yamemwiva. Walimwona anafagia chini ya mikorosho. Walimwona anapakia magunia. Mwanahamisi hakuna aliyemwona, alikuwa ndani anamlilia mumewe. Alipotoka eda, akaoga, akavaa kanga mpya, akapanda mlimani, akakuta minyaa yote imeng'olewa na kupandwa ng'ambo, shamba likabaki upande wa Hashimu. Ilikuwa imeshika vizuri, minyaa haina adabu, hushika popote.

Hashimu alimpokea kama mgeni.

"Karibu shambani kwangu, shemeji," alisema. "Mabibo yaliyoanguka chukua, usione haya."

Mwanahamisi hakuchukua bibo. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Sudi, mwenyekiti wa baraza la usuluhishi, mtu mwenye sauti laini na meno machache, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hajapata kununua samaki.

Baraza lilikaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Hashimu alisema maneno mengi. Alisema alimsitiri mjane, alisema aliunguza macho kwa salfa, alisema shamba ni la kaka yake na kaka yake sasa ni yeye. Wazee walimsikiliza kwa raha, wakijua saa ya chakula iko karibu na nani analeta. Kisha wakamwuliza Mwanahamisi ana ushahidi gani.

"Wazee wangu, mimi sina maneno mengi," alisema Mwanahamisi. "Twendeni shimoni. Shemeji aitie korosho ya shamba lile kwenye ndoana. Kama ni yake, kambare hawataigusa, na mimi nitanyamaza mpaka naingia kaburini. Kama si yake, mtaona wenyewe."

Hakuna aliyecheka wala aliyeshangaa. Lilikuwa ombi la kawaida, kama kuomba kitu kipimwe kwenye mizani. Mzee Sudi alisema ni haki. Hashimu naye alikubali upesi, kwa sababu hakuwahi kukataa nafasi ya kuvua mbele za watu, na kwa sababu alikuwa anawajua wazee wake.

Walikwenda, kijiji kikiwa nyuma yao. Godfrey, bwana samaki, alikuwa amefika siku ile kuona maendeleo ya mafunzo yake, akaegesha pikipiki akajiunga nao. Hashimu alikaa kwenye ndoo, akatoa mfukoni korosho iliyochomwa na kubanguliwa, nzima, nyeupe, ya mlimani, akaichomeka. Haikufika chini. Kambare aliidakia njiani, mkubwa wa kiasi cha paja la mtu, akauvuta mshipi mpaka Hashimu akasimama. Akatia korosho ya pili, akatoka mwingine. Akaendelea mpaka kila mzee wa baraza akawa na wake miguuni, anapiga mkia kwenye vumbi. Mwanahamisi alisimama pembeni mikono amefunga kifuani. Aliamini yamekwisha. Uso wake ulikuwa umetulia, na waliomwona siku ile wanasema alionekana kijana.

Mzee Sudi alimwangalia kambare wake kwa muda, kisha akamgeukia Godfrey.

"Wewe mtaalamu unasemaje, baba?"

"Korosho ina mafuta mengi, mzee," alijibu Godfrey. "Kambare anafuata mafuta. Ni suala la kitaalamu tu."

"Alaa," alisema Mzee Sudi.

Wazee waliubeba ushahidi majumbani mwao. Ukakaangwa, ukatiwa nazi, ukaliwa kwa ugali.

Ijumaa baada ya swala baraza lilitoa uamuzi. Mzee Sudi alisimama akasema baraza limekwenda, limeona, na limeridhika na mambo mawili: kwamba aliyelitunza shamba ni Hashimu, na kwamba korosho ni chambo kizuri. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema, na watu wakaitikia kwamba ni kweli. Akaongeza kwamba kuanzia siku ile Mwanahamisi asiokote hata korosho moja kule mlimani, maana akiokota atakuwa mwizi. Kisha akamwombea Mungu amtie subira. Wazee wa aina hii subira huwa wanaigawa kwa ukarimu sana.

Husemwa za mwizi ni arobaini. Hashimu alishaipita arobaini yake kabla hajaota ndevu, na mwaka ule aliezeka bati.

Mwaka wa Faraji ulitimia na kupita, na mabibo yalipoanza tena kuanguka Mwanahamisi alianza kupanga hitima. Alitaka wasomaji wale vizuri. Faraji alikuwa mpenda samaki, na mkewe aliona aibu kumsomea kwa mlenda. Hakuwa na kuku aliyebaki, na mikorosho ndiyo ilikuwa inamnunulia kuku.

Hawa alikuja akakaa kwenye kinu, akamwangalia anachambua majani ya kunde.

"Shoga, wewe huoni?" alisema Hawa. "Baraza limeshakupa wizi wa bure. Shamba limekuwa la Hashimu kwa amri yao. Nenda kaokote korosho moja tu, tia kwenye ndoana, upate kitoweo cha hitima. Mimi nahangaika na mayai ya watu, wewe umeandaliwa."

"Na wasipokula?"

Hawa aliinamia majani, akamsaidia kuchambua. "Wasipokula, basi kila mtu atakuwa ameona kwamba shamba ni lako. Kwa vyovyote hutatoka bure."

Maneno yale yalikuwa na akili, na Mwanahamisi aliyaamini. Hawa pia aliyaamini. Hao ndio niliosema tutawafikia, na nawahurumia, lakini wajinga ni wajinga: walidhani kuona kunatosha.

Alikwenda asubuhi, bila kujificha, akapita barabarani na kikapu. Aliingia chini ya mkorosho alioupanda wa kwanza, akaokota korosho moja, akaitoa kwenye bibo lake, bibo akaliacha. Hashimu alikuwa kwenye kibanda cha shamba anamwona. Hakupiga kelele. Alivaa kanzu yake, akateremka kwa njia ya mkato, akawaita wazee, akawaambia twendeni mkamshike mwizi na chambo mkononi. Mwanahamisi alipofika shimoni alikuta baraza zima limekaa ukingoni, na watu nyuma yao, kama walioalikwa.

"Ni ya mlimani hiyo?" aliuliza Mzee Sudi.

"Ni ya mlimani," alisema Mwanahamisi.

Korosho mbichi haibanguliwi, mafuta ya ganda lake yanaunguza. Akawasha majani makavu palepale, akaichoma, akalipasua ganda kwa jiwe, na watu wakasubiri ipoe. Hakuna aliyemkataza. Kisha akaichomeka kwenye ndoana na kuitupa mbele ya matete.

Kambare walikuja. Ndevu zao zilitokeza juu ya maji kuuzunguka mshipi, na maji yakawa yanatikisika kwa wingi wao. Waliinusa korosho kwa zamu, wakubwa kwanza. Kisha walizama mmoja mmoja, polepole, na boya likabaki limesimama wima. Mwanahamisi alingoja. Jua likapanda. Mwadhini aliadhini adhuhuri, na wazee hawakuinuka. Alipovuta mshipi, korosho ilikuwa nzima, imelowa tu.

Kila mtu aliyekuwepo alijua maana yake. Watoto walijua. Hashimu alijua kuliko wote.

"Mmeona?" alisema Hashimu. "Hata kuvua hajui."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilianza kwa wazee, maana ndio waliokihitaji zaidi, kikazunguka shimo lote mpaka kwa wenye makopo ya minyoo. Hashimu alisogea, akaichomoa korosho kwenye ndoana ya Mwanahamisi bila kumwuliza, akaichomeka kwenye yake, akatupa. Boya lilizama kabla kicheko hakijaisha. Alikuwa kambare mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka pale, mweusi, ana mvi kwenye ndevu, na ilibidi wazee wawili wamshike Hashimu kiunoni asiingie majini.

"Mmeona," alisema Mwanahamisi. Hakuwa anauliza.

"Tumeona, mwanangu," alimjibu Mzee Sudi kwa ile sauti yake laini. "Tumeona tangu siku ile ya kwanza."

Palepale ukingoni baraza likakaa. Lilimtia Mwanahamisi hatiani kwa kuokota korosho ya watu, kisha likamsamehe kwa kuwa ni mjane na kwa kuwa hakupata samaki. Akaambiwa ashukuru. Hakushukuru, na hilo nalo likasemwa kijijini kwa wiki nzima, kwamba moyo wake una kiburi.

Hitima ilisomwa. Kitoweo alileta Hashimu, yule kambare mweusi mwenye mvi, akiwa amekatwa vipande na kutiwa bizari, na yeye ndiye aliyeketi karibu na wasomaji kumwombea kaka yake mema. Watu walilamba vidole. Walisema Faraji angefurahi kuona jinsi ndugu yake anavyoitunza nyumba yake. Mwanahamisi aliwanawisha mikono wote, Mzee Sudi kwanza, kisha akaenda jikoni akala ugali kwa majani ya kunde. Hawa alikwenda kula naye.

Siku hizi Godfrey anafundisha katika vijiji vingine kwamba chambo bora cha kambare ni korosho. Wenye mabwawa wanatupa korosho zao halali majini na hawapati kitu, na Godfrey anawaambia tatizo ni maji yao.

Mwanahamisi bado huenda shimoni na kopo lake la minyoo. Hukaa palepale kwenye matete, akatupa mshipi, akatazama mlimani. Kambare wameshamzoea. Wamejua kwamba mbele yake ndipo mahali pekee katika shimo zima pasipovuliwa mtu, basi hukusanyika hapo wote, mama na watoto, mgongo kwa mgongo, wakipumzika karibu na miguu yake, na wengine huweka ndevu juu ya vidole vyake. Hupenda kukaa nao. Amewahi kumwambia Hawa kwamba hapo tu ndipo haoni uchungu.

Hashimu naye ameshaligundua hilo. Siku hizi akija na ndoo yake hazunguki tena kwenda upande wake wa zamani.

"Shemeji, sogea kidogo," humwambia, na kuifudikiza ndoo pembeni yake.